Mnyororo wa Ijumaa

Hoteli ya Ufukwe Mwanana,
Bagamoyo.
4 Aprili 1996

Mpenzi wangu Evodia,

Mbukwa! Natumaini u mzima na vumbi la Dodoma halijakuziba koo, maana sauti yako ndiyo ofisi. Mimi sijambo, isipokuwa joto la huku linamfanya mtu aoge mara tatu kwa siku kama bata.

Najua nimekaa kimya. Kazi imenizidi. Lakini leo nimeshika kibao na msumari wangu wa kutobolea, nimesema lazima nikuandikie, tena kwa nukta nundu zetu tulizofundishwa shuleni Buigiri, ili asiwepo mtu wa kukusomea na kuchungulia mambo yetu.

Evodia, mji huu ungeusikia! Alfajiri kabla jua halijatoka unasikia adhana kutoka pande nne, kila mmoja na koo lake. Kisha mafundi wa milango wanaanza patasi zao, ko-ko-ko, mpaka adhuhuri. Saa tatu ni mnada wa samaki: dalali ana kasi kiasi kwamba nilikaa wiki mbili kabla sijaelewa hata neno moja. Bahari ikijaa iko chini ya dirisha langu. Ikitoka inakwenda mbali mpaka unadhani imehama mji, na wanawake wanatembea huko ilikokuwa wakiokota chaza na kutaniana. Wageni wanapelekwa kuona boma la Mjerumani, magofu ya Kaole na makaburi yake, nyumba ya Misheni. Wanarudi wamechoka, wanataka simu za Ulaya.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Tangu mwekezaji ainunue hoteli hii kutoka kwa shirika la umma, simu hazipumziki. Anaweka swichibodi ya pili. Nimemwambia meneja habari zako, jinsi tulivyosomea kazi ya simu pamoja na jinsi ulivyonishinda. Amesema uje kabla ya Julai. Chumba kipo. Tumechumbiana miaka mitatu, sasa inatosha. Njoo tuoane, tufanye kazi bega kwa bega.

Wako,
Castory


S.L.P. ya Shirika, Dodoma.
19 Aprili 1996

Castory,

Miezi minne hujaandika hata "nipo hai", halafu unaniletea chaza na dalali wa samaki! Mama yangu alishaanza kuniuliza kama nimeachwa. Nikamwambia hapana, mama, Castory anaoga mara tatu kwa siku, atapata wapi muda.

Nakuuliza mambo mazito, unijibu kama mtu mzima. Hapa kwetu mambo yameharibika. Shirika linapunguza watu. Walibandika tangazo ukutani mwezi wa tatu, kila mtu akalisoma, mimi nikapita mbele yake siku sita nikisalimia watu na kushangaa mbona hawaitikii vizuri. Ni Shakila, mpiga chapa wetu, aliyenishika mkono akanisomea. Anayetaka kuondoka kwa hiari anajaza fomu kabla ya tarehe 14 Juni. Bwana Respicius wa utumishi ameniletea ya kwangu mwenyewe mezani, na kunisifu juu. "Dada Evodia, wewe ni mwerevu, chukua chako mapema." Ukitia dole gumba, basi, hakuna kurudi.

Asiyetaka kujaza anaweza kubaki. Mimi nina nafasi ya kubaki, Castory. Ninajua namba za ndani mia moja na kumi na mbili kwa kichwa, najua nani amelewa kwa jinsi anavyosema "halo", na mkurugenzi amesema hadharani kwamba nikiondoka ofisi itakuwa bubu. Nikiacha kiti hiki sitapata kingine. Unajua asiyeona akikosa kazi anakaa wapi. Dar es Salaam ukisema "Mgogo kipofu" mtu anapapasa mfukoni kutafuta sarafu. Walimu wetu hawakutuumiza vidole miaka kumi ili tukakae kwenye ngazi za posta na kopo.

Kwa hiyo nataka kujua. Hiyo swichibodi ya pili ipo, au itakuwepo? Umeigusa kwa mkono wako? Niapie kwa kaburi la baba yako pale Bahi. Ukiapa nitakuja. Usipoapa, endelea kuoga.

Evodia


Bagamoyo.
4 Mei 1996

Mpenzi Evodia,

Ukali wako umefika kabla ya barua. Mtu wa posta alipoileta nilihisi bahasha ina moto.

Naapa kwa kaburi la baba yangu Bahi kwamba swichibodi ya pili ipo na kiti chako kipo. Nimeigusa. Ni mpya, vitufe laini, inanukia plastiki. Umeridhika?

Wewe hujui mtu anavyoweza kupumua huku. Watu wa Bagamoyo hawana haraka. Unapita barazani, wanakuita kwa jina, wanakupa kahawa, hawakuulizi kwa nini huoni. Kuna mzee mmoja, dobi wa hapa hotelini, Mzee Yahaya, amezaliwa hapa na bibi yake aliletwa hapa, ananieleza historia ya mji tukianika mashuka. Mji huu ndio ulikuwa mwisho wa misafara yote iliyopita kwetu Ugogo. Fikiria, njia ile ile babu zetu waliyoijua kwa visima vyake iliishia hapa ninapokaa.

Ijumaa ndiyo huwa sina nafasi kabisa, hoteli inajaa kwa chakula cha jioni. Siku nyingine zote zitakuwa zetu.

Halafu gusa karatasi hii! Nimepata bunda zima, nene, laini upande mmoja, nukta zinasimama kama punje za uwele. Karani wa hoteli alikuwa anazitupa. Nitakuandikia kila wiki sasa.

Weka dole gumba, Evodia. Nakungoja.

Castory


Dodoma.
15 Mei 1996

Ndugu Castory,

Karatasi yako nimeigusa. Ni nzuri kweli. Ahsante.

Barua ilinifikia Ijumaa, nikaisoma nyumbani kwa vidole, nikalala nayo. Jana Jumanne nilikuja nayo ofisini. Saa nne ya chai Shakila amekaa mbele yangu na kikombe chake. Nikamwonyesha jinsi nukta zilivyosimama. Akaichukua. Akaigeuza. Akanyamaza. Shakila hanyamazi, Castory, hata akiwa na homa. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Dada Evodia, huyu Castory wako ana upara kidogo mbele, na kovu la kidevuni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi yuko hapa nyuma. Amepigwa picha."

Wewe mwenye kuapa! Umeniandikia uongo wako juu ya mgongo wa tangazo lako mwenyewe! Karani alikuwa anatupa matangazo, na wewe, kwa kuwa vidole vyako havisomi wino, ukayashukuru kama zawadi.

Shakila alinisomea yote, ya Kiingereza na ya Kiswahili. "Karamu ya Msafara, kila Ijumaa. Pweza wa kukaanga, vinywaji, ngoma. Msikie mtumwa kipofu wa Ugogo akiililia nchi yake." Nikamwambia anieleze picha. Akakataa. Nikamwambia anieleze au nitamkatia simu za mchumba wake mwaka mzima. Akasema umevaa shuka nyekundu na kifua wazi, umepakwa majivu, una zeze mkononi na mnyororo shingoni. Na nyuma yako watu wameshika glasi.

Mnyororo, Castory! Babu yako Mzee Chidosa, ambaye sisi sote tulikua tukisikia habari zake, alikaa kwenye kisima na mkuki. Misafara ikifika inasimama. Mwarabu anasimama, Mzungu anasimama na bendera yake, na mizigo inakaa chini juani siku tatu mpaka hongo ya kupita, vitambaa na waya wa shaba, itolewe, ndipo wanywe. Huyo ndiye babu yako. Leo unamvika mnyororo ili watu wateremshie pweza! Na wale waliofungwa kweli, waliokufa njiani, unajua hata jina la mmoja wao? Unawalilia kwa zamu, kila Ijumaa, baada ya supu?

Njia ya mwongo fupi, lakini yako ni fupi mno. Haikufika hata upande wa pili wa karatasi.

Swichibodi iko wapi? Nijibu hilo tu. Fomu yangu ninayo hapa, nimeikalia.

Evodia Masinjila


Bagamoyo.
28 Mei 1996

Evodia,

Ilibidi niache barua yako siku mbili kabla sijaimaliza. Niliona aibu, na si aibu peke yake. Na mimi nina hasira.

Umeuliza swichibodi iko wapi. Iko mapokezi, ni moja, haihitaji mtu. Mgeni anabonyeza mwenyewe chumbani kwake, simu inakwenda Ujerumani. Waliileta tarehe nane Januari. Siku ile ile waliniambia nikabidhi kiti. Nilikigusa hicho chombo kweli, walinipa nikishike kabla hawajanitoa, kama wanavyompa mfiwa udongo.

Sasa niambie ungefanya nini. Ungerudi Dodoma? Kwa nani? Ungemwambia nini mchumba wako anayejua namba mia moja na kumi na mbili? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe una kiti, una Shakila wa kukusomea, una mkurugenzi wa kukusifu. Mimi nilikaa wiki tatu kwenye chumba cha stoo, nikisikia bahari inajaa na kutoka. Ndipo meneja akanisikia nikipiga zeze. Akasema, "Kumbe una kipaji." Nilidhani ni kupiga zeze tu. Shuka ilikuja wiki ya pili. Majivu wiki ya tatu. Mnyororo ulikuja Februari, na kwa wakati ule nilikuwa nimeshazoea kula.

Kuna jingine na nitalisema, kwa kuwa ukilisikia kwa mtu utaniua. Meneja alisema wageni wanachoka kumwona mtu mmoja. Akaniuliza kama namjua mwanamke asiyeona anayejua kuimba. Nikasema namjua. Akasema nikimleta kabla ya Julai tutapewa chumba chenye dirisha na mkataba wa kudumu. Kiti nilichokuapia ndicho hicho. Mnyororo wako umeshatengenezwa, kipimo nilitoa mimi. Ni mwepesi, wa bati.

Nilijiambia ukishafika nitakueleza polepole. Nilijiambia ukisikia bahari utaelewa. Nilikuwa nakutaka hapa, hilo si uongo.

Usije. Chana hiyo fomu.

Castory


Dodoma.
8 Juni 1996

Castory,

Kwa hiyo nilikuwa bei ya dirisha.

Sitakutukana. Nimeyatafuta matusi ya Kigogo, ya Kiswahili na machache ya Kiingereza ninayoyasikia wakubwa wakitukanana laini zikigongana, hakuna linalokutosha. Ulinipima shingo kwa mkono wako mwenyewe, ukampa mtu kipimo, ukaenda kulala.

Unasema nina shibe. Ningekuwa na shibe ningekusaidia. Uliniandikia lini kwamba una njaa? Uliniandikia chaza.

Umeuliza ungerudi kwa nani. Kwangu, mpumbavu wewe! Ungerudi kwangu. Ningekusema wiki nzima, halafu tungekula ugali.

Usiniandikie mpaka uvue hicho kitu shingoni. Na kama ukikivua kwa sababu mkataba umekwisha, usiniandikie kabisa.

E.


Kwa Mzee Yahaya, Bagamoyo.
16 Juni 1996

Evodia,

Nimekivua.

Nilipopata barua yako nilimpelekea Mzee Yahaya kule kwenye kamba za mashuka, nikamsomea neno kwa neno, hata "mpumbavu". Alikunja mashuka mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Mimi nimekusikia kila Ijumaa toka Februari. Bibi yangu aliingia mji huu na mnyororo wa kweli, akiwa na miaka kama tisa. Alikufa mzee sana na shingo yake ilikuwa bado ina alama, tulikuwa tukimwosha hatuigusi. Nilingoja uone haya mwenyewe. Nimengoja sana." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungenisikia? Ulikuwa unakula."

Ijumaa ya tarehe 14 ukumbi ulijaa, kulikuwa na basi zima la wageni. Waliniongoza mpaka kwenye kiti. Mshereheshaji akaanza maneno yake ya mtumwa anayelilia nchi. Sikupiga zeze. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili kwamba babu yangu hakuletwa huku na mtu, babu yangu alikaa kisimani, na kama miongoni mwenu kuna mjukuu wa wale waliopita Ugogo, basi babu yako alisimama juani siku tatu akimbembeleza babu yangu maji. Mshereheshaji akaacha kutafsiri. Basi nikaendelea kwa Kiingereza changu cha simu, kile cha "tafadhali ngoja, ninakuunganisha". Sijui walielewa nini. Nikasema mnyororo huu ni bati, ila upo wa kweli ulioingia mji huu, na mjukuu wa aliyeuvaa anawafulia mashuka mnayolalia, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina la bibi yake. Bibi yake aliitwa Mwanaidi. Kisha nikauvua, nikapapasa meza iliyo mbele yangu, nikauweka. Nadhani uliingia kwenye sahani ya mtu, maana mama mmoja alipiga ukelele.

Sikupigiwa makofi. Nilisikia uma zikiwekwa chini, moja moja, kisha kelele za meneja. Kabla ya pweza kwisha nilikuwa nje ya geti na zeze langu na kibao changu. Mzee Yahaya alinikuta hapo, akanichukua kwake. Jana na yeye wamemwambia apumzike.

Nimewaza mengi. Nitarudi Dodoma. Nitatafuta hata kazi ya kufuma viti kule Kizota, ufundi wa shuleni sijausahau. Nashukuru Mungu fomu uliikalia. Kiti chako kitatushika mpaka nisimame. Nakuomba hilo tu, na najua sistahili.

Nitangoja jibu lako kabla ya kupanda basi.

Castory


Dodoma.
26 Juni 1996

Castory,

Fomu sikuikalia.

Barua yako yenye kiapo niliisoma Ijumaa ile. Jumatatu tarehe 13 Mei, saa mbili kamili, nilikwenda kwa Respicius nikatia dole gumba. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Nilimwambia Respicius nakwenda kuolewa pwani, akacheka, akaniletea soda. Jumanne Shakila akaigeuza karatasi.

Shakila alinishika mkono tukakimbia ngazi mbili mpaka utumishi. Respicius akasema jalada limeshapelekwa Dar es Salaam, maji yakimwagika hayazoleki. Nilipiga meza yake mpaka soda ya mtu mwingine ikaanguka. Nilimpigia mkurugenzi nikitumia laini yake mwenyewe. Alisema pole. Mtu aliyesema ofisi itakuwa bubu, alisema pole, halafu akaniomba nimwunganishie Morogoro. Nikamwunganishia.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba nimeikalia, nilikuwa nadanganya. Nilisema hivyo kwa kuwa sikutaka ujue uongo wako umefaulu. Nilitaka ubaki huko ukidhani kuna kitu hukunivunjia. Sijuti sana. Naona kudanganya kunaambukiza kama macho mekundu.

Ijumaa hii ndiyo siku yangu ya mwisho. Simu zinaingia za watu wa kuniaga, wengine sijawahi kugusana nao mkono, najua kukohoa kwao tu. Keshokutwa kiti kitapewa mashine kama yako. Mama anakuja kutoka Chamwino kunisaidia kuhamisha vitu kutoka nyumba ya Shirika. Hajui bado. Nitamwambia akifika, na atapiga yowe, na nitamwacha apige.

Sina kiti, Castory. Usije ukitegemea kiti. Hakuna kitakachokushika hapa isipokuwa mimi, na mimi nina hasira mpaka usiku meno yananiuma. Nikikumbuka kile kipimo cha shingo yangu naona ningekuacha kwa Mzee Yahaya uzeeke naye. Halafu nakumbuka ulivyosimama mbele ya basi zima la watu na Kiingereza cha simu. Hapo nimepitisha vidole mara nyingi, nukta zimeanza kulala. Sikusifu. Nakueleza tu zilivyolala.

Msalimie Mzee Yahaya. Mwambie na mimi sasa ninalijua jina la Mwanaidi.

Wewe panda basi la Jumanne. Usiniletee pole, usiniletee chaza, na usijaribu kunieleza bahari. Nitakuwa kituoni. Hutahitaji kuuliza mtu nimesimama wapi, maana nitaanza kukusema kabla mguu wako haujagusa chini.

Evodia